Jua Halizami Baharini Mombasa

Hebu nenda ukasimame ufuo wa Nyali saa 12 jioni, uelekee baharini, alafu uniambie jua unaliona wapi. Hulioni. Liko mgongoni mwako, linashuka upande wa bara nyuma ya nyumba za Kongowea na Kisauni huko, na maji mbele yako yanaanza kuwa ya kijivu taratibu. Bahari yetu iko mashariki. Jua linatoka majini asubuhi, jioni linaenda kulala bara, kila mtoto wa Mombasa analijua hili hata kama hajawahi kukaa akaliwaza. Sasa mbona kila nikifungua simu naona "machweo ya Nyali", jua jekundu kubwa kama sinia limekaa juu ya maji na mashua moja nyeusi mbele yake?

Zingine, sawa, ni picha za alfajiri zilizopewa jina la jioni, hapo kosa ni la maneno tu na halimuumizi mtu. Ila ziko zile ambazo anga yake imekatwa ikabandikwa nyingine ya kutoka sijui wapi, jua likapandwa mahali ambapo jioni halijawahi kukaa tangu dunia iumbwe. Hizo ndizo zinanisumbua. Na naongea kama mtu wa ndani, manake kazi yangu ni picha za mandhari hapahapa Mombasa na naediti kila picha ninayoitoa, kila moja bila kuacha, kwa hiyo mtu asinisome akadhani namwambia atoe picha mbichi kama ilivyotoka kwenye kamera. La hasha. Nataka tutofautishe vitu viwili ambavyo siku hizi vimechanganywa mpaka vinaitwa kwa jina moja, kuediti.

Kuna wanaouliza "hii umeediti?" kwa sauti ile ya kumshika mwizi. Jibu ni ndio, na wewe pia umeediti, ni vile simu ilikufanyia bila kukuuliza. Ukibonyeza mara moja tu simu inachukua fremu kadhaa kwa mpigo, inaziunganisha, inainua vivuli, inakaza rangi za majani, alafu inakupa JPEG, lile faili la kawaida la picha, ambayo kila rangi ina ngazi 256 tu za mwanga. Faili la RAW, yaani picha ghafi, kwenye kamera nyingi za sasa lina biti 14, yaani ngazi 16,384, lakini ukilifungua mara ya kwanza linavunja moyo, limepauka, kama mchuzi usiotiwa chumvi. Watu wanadhani huo mpauko ndio ukweli. Sio. Hiyo ni malighafi na lazima mtu akate shauri aipike vipi. Simama Mama Ngina karibu na mibuyu alfajiri kabla jua halijatoka, jicho lako linaona waridi la anga na wakati huohuo linaona mikunjo ya jiwe la matumbawe pale chini, kwa sababu mboni inafunguka na kufunga na ubongo unaunga vipande. Kamera haiwezi, ikishika anga jiwe linakuwa kaa la moto lililozimika, ikishika jiwe anga inaungua nyeupe. Kwa hiyo nikikaa usiku nyumbani na slaida za vivuli, vile vitufe vya kuvuta kwenye programu ya kuediti, sidanganyi mtu, nairudisha ile asubuhi niliyosimama ndani yake.

Na jambo hili halikuanza na kompyuta. Mfaransa Gustave Le Gray, miaka ya 1856 na 1857, alikuwa anapiga picha za bahari akakutana na shida ileile yetu, dawa ya picha ya wakati ule ilikuwa inashika samawati kupita kiasi, anga inaungua yote kabla maji hayajatokea vizuri. Akachukua negativu mbili, moja ya anga na moja ya maji, akaziunga kwenye mstari wa upeo wa macho, na kuna mawingu yake yanayoonekana kwenye picha zaidi ya moja za bahari tofauti. Nalisema hili kwa sababu linanipinga mimi mwenyewe, anayetaka kunijibu kwamba kubandika anga kuna umri wa zaidi ya miaka 160 atakuwa amesema kweli.

Lakini mwangalie na mpiga picha Ansel Adams wa Marekani. Tarehe 1 Novemba 1941 jioni alikuta mwezi umechomoza juu ya kijiji cha Hernandez kule New Mexico, mwanga wa mwisho wa jua bado unagusa misalaba ya makaburini, akawahi fremu moja kabla mwanga haujaondoka. Moja. Kisha kwa miaka mingi akawa anaichapa upya kwenye chumba cha giza, anakinga sehemu hii kwa mkono, anaiachia ile mwanga zaidi, na kadiri miaka ilivyokwenda anga ya ile picha ikazidi kuwa nyeusi mpaka mawingu mengi hafifu ya siku ile yakazama kabisa. Ni kuediti huko, tena kwa nguvu sana kuliko wengi wetu tunavyothubutu. Ila mwezi aliuacha pale ulipokuwa. Misalaba inang'aa kutoka upande uleule ambako jua lilikuwa linatua, nyuma ya mgongo wake. Alizidisha sauti ya mwanga uliokuwepo, hakuleta mwanga wa kukodisha.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo na nausema bila kuzunguka: zidisha, punguza, pasha joto, poza, tia giza hata nusu ya fremu ukitaka, lakini usilihamishe jua. Ukishalihamisha, kila kitu kingine kwenye picha kinaanza kukutolea ushahidi, manake mwanga sio rangi ya juujuu, mwanga una mahali unatoka na una kimo, na kila mchanga na kila tone la maji limeshaandika habari hiyo.

Chukua mnazi wa mita 10. Jua likiwa nyuzi 10 juu ya upeo wa macho kivuli chake kitalala karibu mita 57, likifika nyuzi 45 kivuli kinalingana na mnazi wenyewe, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua letu la mchana likiwa utosini, mnazi unakaribia kukanyaga kivuli chake. Sasa mtu anapiga picha saa 8 mchana, vivuli vifupi, makali, vimejikusanya chini ya miti kama paka, alafu anabandika anga ya alfajiri ya zambarau na chungwa. Mtazamaji hajui kupiga hesabu ya pembe, lakini kuna kitu kinamkataa, anasema tu "picha nzuri lakini sijui ina nini." Ina vivuli vya saa 8, hiyo ndio ina nini. Na maji ndio mashahidi wakali zaidi, ile njia ya kumeremeta juu ya bahari siku zote inaanza chini ya jua na kuja kwako wewe ulipo, haipindi kona, na mchanga uliolowa maji yakipwa unaakisi anga kama kioo, ukibadilisha anga ukasahau mchanga umeacha anga mbili kwenye picha moja.

Mimi mwenyewe nilishikwa, na aliyenishika hajawahi kushika kamera. Mwaka 2020 mwishoni Photoshop walileta kile kifaa cha kubadilisha anga kwa kubonyeza tu, kinachagua anga, kinabandika, mpaka kinapaka sehemu ya chini rangi zifanane. Nikajaribu kama kila mtu. Nilikuwa na picha ya Nyali maji yamepwa, mwamba uko nje mkavu kabisa, ngalawa mbili zimelala ubavu, anga ya bure haina kitu. Nikaweka mwezi mpevu unachomoza, mkubwa, wa dhahabu, nikaupenda wallahi, nikachapisha kwa saizi kubwa nikampelekea ami yangu kama zawadi, mzee amevua pwani hii maisha yake yote. Akaishika mbali kidogo na uso vile wazee wanavyofanya. Akauliza, "Mwanangu, mwezi mpevu huu ndio wachomoza, na mwamba uko kavu? Hini ni siku gani?"

Sikuelewa swali, ikabidi anieleze, na alinieleza kwa upole kabisa. Mwezi ukiwa mpevu ni bamvua, yale maji makubwa, na bamvua hapa kwetu maji yanajaa mwendo wa saa 10 jioni, saa 10 na kitu. Yanapwa kabisa karibu saa 4 au 5 usiku. Mwezi mpevu unachomoza jua linapotua, saa 12 na kitu, na saa hiyo maji ndio kwanza yanarudi nyuma, mwamba ule bado uko chini. Kwa hiyo nilichomletea ni jioni ambayo haiwezi kutokea. Hakunilaumu, aliirudisha mezani tu akaendelea na chai yake, na mimi nikajua kwamba mtu ambaye bahari hii ni yake kweli nimempa picha ya bahari asiyoijua. Nakala yangu ya ile picha niliishusha ukutani siku hiyohiyo, na faili lake nimelifuta.

Hilo ndilo jambo ambalo washauri wengi wa kuediti hawalisemi, kwamba picha ya mandhari ina wasomaji wa aina mbili. Wa mbali anasoma uzuri. Wa karibu anasoma maji, upepo, majira. Mashua zilizotiwa nanga na mkondo ukiwa mdogo zinageuza gubeti, yaani pua ya chombo, kuelekea upepo unakotoka, kaskazi au kusi, makuti ya mnazi yanalala upande mmoja, na mahali jua linapochomoza panahama pia, mwezi wa 6 linatokea kaskazini mwa mashariki na mwezi wa 12 kusini mwa mashariki, tofauti ya nyuzi kama 47 jumla, hiyo ni nusu ya fremu ya lensi pana. Huwezi kuyapanga yote hayo sawa kutoka kwenye folda ya anga za kununua.

Sasa tuje kwenye kitu kingine kinachoniuma zaidi ya anga za kubandika, nacho ni hizi preseti za giza, yaani mipangilio ya kuediti iliyokwisha kutengenezwa, unabonyeza mara moja tu. Unazijua, vivuli vyote vinasukumwa kwenye kijani kibichi cha maji, mwanga wote unasukumwa kwenye chungwa, picha nzima inashushwa giza na kutiwa ukungu kidogo. Zinauzwa kama ndio hisia zenyewe. Lakini angalia zinatoka wapi. Reykjavik, mji mkuu wa Iceland, iko nyuzi 64 kaskazini, katikati ya Disemba jua lao mchana linafika kama nyuzi 3 tu juu ya upeo wa macho alafu linashuka, siku yote ya saa 4 hivi ni mwanga wa ubavuni, laini, mrefu, vivuli vinatambaa havina haraka. Mpiga picha wa huko akikwambia subiri mwanga mzuri kisha unywe kahawa kwanza, anaongea kweli ya kwao. Sisi tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, jua linapanda karibu wima kama mtu anapanda mnazi, likipita nyuzi 6 za kwanza mwanga wa dhahabu umekwisha, na hiyo ni kama dakika 25. Jioni vilevile, likishatua una dakika ishirini na kitu za mwanga wa kuonea kisha usiku. Saa nyingine zote tuna mwanga mweupe, mkali, wa unyevu na chumvi.

Kwa hiyo ukichukua preseti iliyotengenezwa kwa ajili ya mwanga wa Iceland ukaibandika kwenye Mji wa Kale saa 5 asubuhi, unachopata ni ugonjwa. Kuta za Fort Jesus zinakuwa na rangi ya ini. Ngome ile Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa jiwe la matumbawe, na ile rangi ya manjano ya kuta zake leo inanyonya jua la asubuhi kwa namna ambayo sijaiona jiwe lingine likifanya, inatoa joto kidogo, kama mkate uliotoka sasa hivi. Ukishaweka kijani kwenye vivuli umeshaua. Na bahari ndani ya mwamba, ile ya kaskazi maji yakiwa matulivu, ina kijani cha yai la bata kinachopauka kadiri inavyokuja kwenye mchanga, haihitaji kupakwa rangi, inahitaji usiiguse sana.

Na kuna watu ndani ya hizi picha! Hapa niseme kwa uzito. Preseti ya giza inashusha vivuli mpaka vinagota chini, na ngozi zetu ziko hukohuko kwenye vivuli. Mvuvi aliyechomwa na jua miaka 40 uso wake una rangi tano sita, kahawia, nyekundu ya udongo, samawati kidogo kwenye shavu akiakisi anga, zote zinamezwa zinakuwa tundu jeusi lenye kofia. Mama aliyevaa buibui anageuka kuwa shimo kwenye picha, buibui lake ambalo lina mikunjo, lina nakshi ya mkono kwenye pindo, upepo umeliinua upande mmoja, hakuna kitu kilichobaki. Alafu picha inasifiwa kwamba ina hisia nzito. Mimi naona imemfuta mtu. Siku hizi kwenye Lightroom, programu ya kuediti picha, kuna maski za kuchagua mtu au anga peke yake, ya anga ilikuja 2021 na ya mtu 2022, na zinafanya kazi vizuri, kwa hiyo hakuna kisingizio, chagua mtu, muinulie vivuli nusu eksposha (eksposha ni kiwango cha mwanga), mpe joto kidogo upande ule jua liliko na mwache baridi upande wa pili, atarudi duniani. Kama picha yako inakufa mtu akionekana uso, basi haikuwa picha nzuri tangu mwanzo.

Slaida ya kuondoa ukungu nayo inatumika vibaya hapa kwetu kuliko mahali pengi. Adobe, wenye Photoshop na Lightroom, waliileta 2015 na ilikuwa neema, kwa sababu pwani tuna ule utando wa unyevu na chumvi unaofanya kila kitu cha mbali kiwe kama kimefunikwa na chandarua. Lakini ule utando ndio unaotuambia umbali. Ukisimama upande wa kisiwani ukatazama ng'ambo ya Likoni, miti ya ng'ambo imepauka kwa sababu kuna maji kati yenu, kuna hewa nzito kati yenu. Ukiivuta ile slaida mpaka mwisho, Likoni inaruka inakuja kukaa puani, feri inakuwa kama ya kuchezea kwenye beseni, na anga inapiga samawati nzito yenye madoa. Mimi naitumia 10 kati ya 100, mara moja moja 15, na mara nyingi naitumia kinyume, naongeza ukungu kidogo upande ule jua linakotokea, manake huko ndiko unyevu unawaka kweli.

Basi mtu ataniuliza, drama tutaitoa wapi kama anga za kununua umekataa na preseti umekataa. Tunayo nyingi sana, ila inataka kuamka. Kusi ikianza, Aprili, Mei, hizo mvua za masika zinakuja kutoka baharini kama ukuta, unaona pazia la mvua linatembea juu ya maji na pembeni yake bado kuna jua, dakika kumi tu umelowa. Hapo ndipo penye giza la kweli. Nenda English Point jioni uelekee magharibi, sasa hapo ndio jua linatua mbele yako, nyuma ya Mji wa Kale, minara ya misikiti na kuta za ngome zimekatwa nyeusi kwenye anga na maji ya mkondo katikati yanachukua rangi yote. Anayetaka jua na maji na mashua nyeusi kwenye fremu moja, jioni, bila kudanganya, nimemwonyesha pa kusimama. Sehemu hiyo haina haja ya kubandikwa chochote.

Kwenye kuediti, mimi naanza kwa kujiuliza swali moja kabla ya kugusa slaida yoyote: jua lilikuwa wapi. Nikishajua, naliheshimu. Nilipiga mfululizo mmoja wa wingu la mvua likipita mbele ya Mama Ngina, asubuhi, jua liko kushoto nyuma ya wingu, limepenya tundu dogo likagusa maji mbali huko. Kamera nilishusha eksposha makusudi ili lile tundu lisiungue, kwa hiyo faili lilikuwa jeusi. Nikashusha hailaiti, zile sehemu zenye mwanga mkali, kwanza nione tundu lina umbo gani. Nikaweka maski ya duara hapo, nikaipasha joto kidogo sana, nikaiongezea mwanga robo tu. Nikachukua brashi nikatia giza kulia kwa fremu, mbali na jua, kwa sababu kweli huko ndiko wingu lilikuwa zito, macho yangu yaliona hivyo, kamera ndio ilisawazisha kila kitu. Miamba ya mbele niliinua upande wake wa kushoto tu, ule unaotazama jua, upande wa kulia nikauacha ubaki na baridi yake. Saturesheni, yaani ukali wa rangi, sikuongeza, nilipunguza, kijani cha majani ya mbele kilikuwa kinapiga kelele. Ilinichukua karibu saa 2 na ukiiangalia utasema mvua ile ilikuwa inatisha, na ilikuwa inatisha kweli, nilikimbia nayo mpaka kwenye gari.

Mabishano haya ni ya zamani huko nje pia. Jarida la National Geographic, toleo la Februari 1982, liliwahi kusogeza piramidi za Giza kule Misri zikaribiane ili zienee kwenye jalada la wima, na mpaka leo picha ile inafundishwa kama mfano wa kutofanya. Na Uingereza mwaka 2012 picha iliyoshinda shindano lao kubwa la mandhari ilivuliwa ushindi baada ya watu kuona mwanga kwenye boti na mwanga wa angani haukubaliani, ikatokea kwamba mawingu yaliongezwa. Angalia kilichomponza, ni mwelekeo wa mwanga, kitu kilekile ami yangu alikuwa anakitafuta kwa njia ya maji.

Najua kuna atakayesema mimi ni msanii, nachora ninavyotaka. Sawa kabisa, na nakuunga mkono, tengeneza Mombasa yenye miezi miwili na minazi ya zambarau, na akili bandia siku hizi itakutengenezea hata bila kutoka kitandani. Ila usiandike chini yake "Nyali, jioni". Jina la mahali ni ahadi. Hoteli moja hapa pwani, jina halina haja, iliwahi kuniomba niwawekee jua linazama baharini mbele ya bwawa lao la kuogelea kwa sababu wageni wanapenda. Nikawaeleza kwamba mgeni atafika, atakaa na glasi yake saa 12 jioni, atasubiri, na jua litatua jikoni kwao. Nikawaomba wanipe alfajiri tatu niwapigie jua likitoka mbele ya bwawa hilohilo, kitu ambacho wanacho kweli na ni kizuri kuliko walichoomba. Hawakutaka, wakampa mtu mwingine ile kazi. Iliniuma kwa sababu ya pesa, na iliniuma zaidi kwa sababu mahali pao palikuwa pazuri na wenyewe hawakuwa wanapaona.

Na kuna anga ambazo si za kuchezewa hata kwa sanaa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaelekea Tanzania na tahadhari zikatolewa mpaka kwetu, watu wenye vyombo majini walikuwa wanaangalia kila picha ya wingu inayopita kwenye simu zao. Wakati kama huo picha ya wingu jeusi yenye jina la Mtwapa sio mapambo, mtu anaweza kuamua kutoka au kutotoka kwa sababu yake.

Nina picha moja nimekwama nayo sasa hivi. Ni ya usiku, mawingu ya kusi yameshuka chini, nimeelekea upande wa Kilindini, na taa za bandari zimepiga mawingu kwa chini yakawa chungwa chafu, chungwa la kutu. Mwenzangu mmoja aliiona akaniambia ipoze, vuta joto la rangi lirudi samawati, mawingu yatakuwa safi na picha itauzika. Nimejaribu, na kweli inapendeza. Lakini mawingu ya usiku kwenye mji wenye bandari yana rangi ile, winchi zinafanya kazi mpaka alfajiri na mwanga wake unapanda, mtu anayerudi nyumbani Changamwe usiku wa mvua anaiona ileile. Nimeirudisha chungwa. Nimeipunguza kidogo kwenye kona ya juu ambako ilikuwa inawaka kupita kiasi, na pale chini kabisa kwenye maji nimeacha madoa yake yote yavunjikevunjike kama yalivyokuwa.